Mwalimu, mbona CO₂ ina "di" na MgCl₂ haina?

"Shikamoo mwalimu. Mimi ni mama wa watoto wawili, nauza kwenye duka la pembejeo za kilimo, na nimejiandikisha kufanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Kemia ndiyo inayonitoa jasho, hasa kutaja jina la kampaundi nikipewa fomula. CO₂ ni kaboni dioksidi, sawa. Lakini nikiandika MgCl₂ ni magnesiamu dikloridi, nakosa. Nikiandika FeCl₃ ni chuma kloridi bila namba, nakosa pia. Cu₂O niliandika shaba(II) oksidi kwa sababu naiona 2 pale, nikakosa tena. Halafu hapa dukani nina mbolea ya DAP, mfuko unasema diamoniamu fosfati. Nina SA pia, ambayo ni (NH₄)₂SO₄, yenyewe inaitwa amoniamu salfati bila 'di', ingawa amoniamu ni mbili vilevile. Nimeamua kukariri majina yote ya kwenye kitabu, ila kila wiki nasahau nusu. Je, kuna kanuni, au kemia ni kukariri tu?"

Marahaba, dada yangu, na hongera kwa kurudi kwenye daftari huku duka na watoto wanakutegemea.

Nimelisoma swali lako taratibu, na naona tatizo si kichwa kizito wala uvivu wa kukariri. Kinachokusumbua ni kwamba namba zinaonekana kuja na kupotea bila mpango: huku "di", kule namba ya Kirumi, kwingine hakuna kitu. Mpango upo. Jina la kampaundi lina kazi moja: mtu akilisikia, hata kama hajaiona fomula, aweze kuiandika fomula ileile bila kubahatisha. Kwa hiyo namba hutajwa pale tu ambapo msikilizaji angebaki na majibu mawili au zaidi. Pale ambapo jibu ni moja, namba haina kazi, na haitajwi.

Wewe umekuwa ukizitazama zile namba ndogo za chini na kuzisoma kwa sauti ndani ya jina. Kwenye CO₂ njia hiyo ilikubali, ukaiamini. Kwenye MgCl₂ ikakuangusha, ukadhani kanuni haipo. Sasa tuanze upya na swali moja ambalo utajiuliza kila unapoiona fomula: cha mbele ni nini? Ni metali (au amoniamu, NH₄, ambayo hukaa mahali pa metali), au ni simetali, yaani elementi isiyo metali? Jibu la swali hilo ndilo linaloamua njia.

Chukua MgCl₂. Mbele kuna metali. Atomu ya magnesiamu ina elektroni 12, zimepangika 2, 8, 2. Zile mbili za nje inaziachia, na ikishaziachia inabaki na chaji ya +2. Klorini ina elektroni 17, zimepangika 2, 8, 7. Inapungukiwa na moja tu, kwa hiyo inachukua moja na kuwa na chaji ya −1. Hapo dukani una daftari la mikopo, na hesabu ni hiyohiyo: kilichotoka lazima kilingane na kilichopokelewa. Magnesiamu moja imetoa mbili, kila klorini inapokea moja, basi klorini lazima ziwe mbili. Hakuna uwiano mwingine unaosimama. Mtu akisikia "magnesiamu kloridi" atafika kwenye MgCl₂ mwenyewe, hata usipomtajia idadi. Ndiyo maana "di" haihitajiki.

Kwa njia hiyohiyo Al₂O₃ ni aluminiamu oksidi, basi. Aluminiamu ina +3, oksijeni ina −2, na njia pekee ya kusawazisha ni aluminiamu mbili kwa oksijeni tatu. K₂O ni potasiamu oksidi, CaCl₂ ni kalsiamu kloridi, ZnS ni zinki salfidi. Simetali ya nyuma hubadilisha mwisho wake kuwa "-idi": klorini inakuwa kloridi, oksijeni oksidi, salfa salfidi, nitrojeni nitridi.

Hapa niseme jambo ambalo vitabu vya shule huliruka. Jina "magnesiamu dikloridi" halisemi uongo kuhusu kitu chenyewe, na kanuni za IUPAC, chombo cha kimataifa cha wanakemia kilichoanzishwa mwaka 1919, zinaruhusu viambishi vya idadi hata pale penye metali. Viwandani utasikia titani dioksidi, TiO₂, ile poda nyeupe inayowekwa kwenye rangi za ukuta, na hakuna anayeshangaa. Lakini mtihani wako unapima kama unaelewa chaji. Ukiandika "di" kwa magnesiamu, msahihishaji anaona kwamba umezisoma namba tu. Kwa ajili ya mtihani, fuata njia ya shule bila ubishi.

Sasa FeCl₃. Mbele kuna metali tena, lakini chuma si kama magnesiamu. Chuma kinaweza kuachia elektroni mbili au tatu, kwa hiyo kuna FeCl₂ na kuna FeCl₃, na zote zipo kweli, zina rangi tofauti na tabia tofauti. Ukisema "chuma kloridi" umemwacha msikilizaji na majibu mawili. Hapo ndipo namba ya Kirumi inapoingia: FeCl₂ ni chuma(II) kloridi, FeCl₃ ni chuma(III) kloridi. Utaratibu huu ulipendekezwa na mwanakemia Mjerumani Alfred Stock mwaka 1919, na umedumu kwa sababu unakwenda moja kwa moja kwenye kile kinachotofautisha kampaundi hizo mbili.

Namba ya Kirumi inahesabu chaji ya metali. Haihesabu atomu. Tafadhali irudie sentensi hiyo mpaka ikukae, kwa sababu ndiyo iliyokukosesha Cu₂O. Uliiona 2 chini ya shaba ukaandika (II). Fanya hesabu hivi: oksijeni ni −2, na iko moja, kwa hiyo upande wa hasi ni −2. Upande wa chanya lazima uwe +2. Shaba ziko mbili na zinagawana hiyo +2, kila moja inapata +1. Jina ni shaba(I) oksidi. Geuka sasa uitazame CuO, ambayo haina namba yoyote chini. Oksijeni −2, shaba iko moja, inabeba +2 peke yake. Hiyo ndiyo shaba(II) oksidi. Yaani ile yenye 2 inaitwa (I), na ile isiyo na 2 inaitwa (II). Hakuna jozi nzuri kuliko hii ya kumwachisha mtu kuzisoma namba ndogo kama zilivyo.

Kuna njia wanafunzi wengi wanaipenda, ya kuvusha valensi kwa msalaba: namba ya chini ya oksijeni inapanda kuwa chaji ya metali. Kwa Fe₂O₃ inakubali. 3 inakwenda kwa chuma, unaandika chuma(III) oksidi, unapata alama. Lakini itumie kwa PbO₂ uone. Msalaba unakupa risasi(II), na oksijeni yenye chaji ya −1. Si kweli. Oksijeni mbili za −2 zinafanya −4, risasi iko moja, kwa hiyo ni risasi(IV) oksidi. Msalaba unakosea hapa kwa sababu fomula ilishafupishwa: uwiano wa 2 kwa 4 uliandikwa 1 kwa 2, na ile taarifa ya chaji ikapotea njiani. Sisemi uutupe. Utumie kwenda mbele, kutoka kwenye jina kwenda kwenye fomula, ambako unafanya kazi vizuri mradi ukumbuke kufupisha mwishoni. Kurudi nyuma, kutoka kwenye fomula kwenda kwenye jina, anza siku zote na chaji ya kile cha nyuma, ambayo unaijua, kisha igawe kwa idadi ya metali.

Utajuaje metali ipi inadai namba ya Kirumi na ipi haidai? Zisizodai ni chache. Kundi la kwanza kwenye jedwali la elementi (lithiamu, sodiamu, potasiamu) ni +1 daima. Kundi la pili (magnesiamu, kalsiamu, bariamu) ni +2 daima. Ongeza aluminiamu +3, zinki +2, na fedha ambayo katika mtihani wako ni +1. Metali nyingine yoyote utakayokutana nayo, chuma, shaba, risasi, bati, manganisi, kromiamu, zebaki, ifanyie hesabu na uandike namba. Chunga mtego mmoja: BaO₂. Bariamu haiwezi kuwa +4. Ukipata jibu kama hilo, ujue oksijeni hapo zimeshikana mbili mbili na kuwa ioni (chembe yenye chaji) moja yenye −2, inayoitwa peroksidi. Hiyo ni bariamu peroksidi, ndugu wa haidrojeni peroksidi, H₂O₂, inayouzwa duka la dawa kwa ajili ya kusafishia vidonda.

Kama bado unaona namba ya Kirumi ni pambo tu, fikiria zebaki. Zebaki(I) kloridi, Hg₂Cl₂, ndiyo ile poda iliyoitwa kalomeli, ambayo katika karne ya 18 na ya 19 madaktari wa Ulaya na Marekani waliwapa wagonjwa ili waharishe, yaani kama dawa ya kusafisha tumbo. Haikuwa salama, lakini wengi waliimeza na kuishi. Zebaki(II) kloridi, HgCl₂, inayeyuka vizuri zaidi kwenye maji na ni sumu kali inayoua kwa kiasi kidogo. Ukisema "zebaki kloridi" bila namba, hujasema ni ipi kati ya hizo mbili.

Sasa tuingie upande wa CO₂. Mbele kuna kaboni, simetali. Hapa hakuna anayempa mwenzake elektroni moja kwa moja. Atomu zinachangia elektroni, na uwiano unaweza kuwa zaidi ya mmoja. Kaboni na oksijeni zinatengeneza CO na CO₂. Nitrojeni na oksijeni ndiyo balaa zaidi: N₂O, NO, NO₂, N₂O₃, N₂O₄, N₂O₅, na zote zipo. Hesabu ya chaji haiwezi kukuchagulia moja, kwa hiyo jina lazima lihesabu atomu waziwazi. Viambishi ni mono, di, tri, tetra, penta, heksa, na kuendelea, ila mtihani wako mara chache utavuka heksa. N₂O₄ ni dinitrojeni tetroksidi. Herufi "a" ya tetra imemezwa kwa sababu inafuatwa na irabu. PCl₅ ni fosforasi pentakloridi. SF₆ ni salfa heksafloridi. CCl₄ ni kaboni tetrakloridi.

"Mono" ina desturi yake. Elementi ya mbele ikiwa moja, haitajwi: tunasema kaboni dioksidi, hatusemi monokaboni. Ya nyuma ikiwa moja, inatajwa: CO ni kaboni monoksidi. Tofauti ya "mono" na "di" hapo si ya karatasini tu. Kaboni dioksidi ndiyo inayotoa mapovu kwenye soda. Kaboni monoksidi ndiyo inayotoka kwenye jiko la mkaa lililowekwa ndani ya chumba kilichofungwa. Haina rangi wala harufu, inashikana na damu mahali pa oksijeni, na inaua watu usingizini. Jiko la mkaa lisilale ndani, hata likionekana limebaki majivu.

Majina machache ya kale yamebaki na hayafuati kanuni hizi. H₂O ni maji na NH₃ ni amonia.

Nimefika kwenye mifuko yako ya mbolea, na hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu swali lako la DAP na SA ni zuri kuliko unavyodhani.

Kuna ioni ambazo ni kundi la atomu zilizoshikana na kutembea pamoja kama kitu kimoja. Hizi ndizo pekee ninazokuomba uzikariri, na kwa mtihani wako hazizidi kumi: amoniamu NH₄⁺, haidroksidi OH⁻, nitrati NO₃⁻, nitriti NO₂⁻, salfati SO₄²⁻, salfiti SO₃²⁻, kabonati CO₃²⁻, haidrojeni kabonati HCO₃⁻ na fosfati PO₄³⁻. Zikariri pamoja na chaji zake. Ioni bila chaji ni kama hujaikariri. Ukishazijua, Ca(NO₃)₂ inasomeka yenyewe: kalsiamu +2, nitrati −1, kwa hiyo nitrati mbili, jina kalsiamu nitrati. Mabano yanakwambia kwamba ile 2 ya nje inalizidisha kundi zima. Usiseme "dinitrati", sababu ni ileile ya magnesiamu kloridi.

Mwisho "-ati" na "-iti" unatofautiana kwa oksijeni moja: ya "-iti" ina pungufu. Wanafunzi hudhani "-ati" maana yake ni oksijeni nne. Hapana. Nitrati ina tatu, salfati ina nne. "-iti" ina maana tu kwamba imepungua kuliko ndugu yake wa "-ati". Herufi hiyo moja ni nzito. Nitrati ni chakula cha mimea kilichomo kwenye baadhi ya mbolea zako. Nitriti hutumika kwa vipimo vidogo sana kuhifadhi nyama za viwandani, na ikizidi huifanya damu ishindwe kubeba oksijeni.

Sasa SA. Salfati ina −2, amoniamu ina +1, kwa hiyo amoniamu lazima ziwe mbili. Jibu ni moja, "di" haitakiwi. Amoniamu salfati, kama mfuko unavyosema.

DAP ni kisa kingine. Asidi ya fosforiki, H₃PO₄, ina haidrojeni tatu zinazoweza kuondoka moja moja. Ikiondoka moja na amoniamu moja ikaingia, unapata NH₄H₂PO₄, ambayo kwenye biashara ni MAP, monoamoniamu fosfati. Zikiondoka mbili, unapata (NH₄)₂HPO₄, na hiyo ndiyo DAP yako. Zikiondoka zote tatu, ni (NH₄)₃PO₄. Mwenye kiwanda akiandika "amoniamu fosfati" tu, mkulima atabaki na majibu matatu, na mbolea hizo hazina kiasi sawa cha nitrojeni. Kwa hiyo "di" ikaandikwa kwenye mfuko kwa sababu ileile inayoiweka kwenye kaboni dioksidi: kuzuia kubahatisha. Ukipewa (NH₄)₂HPO₄ kwenye mtihani, andika diamoniamu haidrojeni fosfati, au amoniamu haidrojeni fosfati. Neno "haidrojeni" likishatajwa, ioni ni HPO₄²⁻, na amoniamu mbili zinajulikana.

Ukiwa hapohapo dukani, tazama zile namba za DAP: 18-46-0. Ile 46 ni asilimia ya P₂O₅, ambayo jina lake ni difosforasi pentoksidi. Ndani ya mfuko hamna P₂O₅ hata chembe. Ni desturi ya zamani ya kupimia fosforasi kana kwamba yote imekuwa oksidi. Fosforasi yenyewe ni kama asilimia 20. Mbolea ya CAN nayo inaitwa kalsiamu amoniamu nitrati, lakini mara nyingi ni mchanganyiko wa amoniamu nitrati na kalsiamu kabonati, kwa hiyo usiitafutie fomula moja. MOP ni potasiamu kloridi, KCl, inayobeba jina la zamani (muriate of potash) lililotumika kabla Humphry Davy hajaonyesha mwaka 1810 kwamba klorini ni elementi. Na yurea, CO(NH₂)₂, iache kabisa. Hiyo ni kampaundi ya kaboni ya kundi jingine lenye kanuni zake.

Nadhani unauza pia mrututu, au umewahi kuulizwa. Fomula yake ni CuSO₄·5H₂O. Salfati ni −2, shaba iko moja, kwa hiyo shaba(II) salfati. Ile nukta na 5H₂O inasema kwa kila shaba moja kuna maji matano ndani ya fuwele, na hapo tunahesabu waziwazi kwa sababu chaji haiwezi kukuambia idadi ya maji: shaba(II) salfati pentahaidreti. Ukiupasha moto mrututu wa bluu, maji yanatoka unabaki unga mweupe. Ukiudondoshea maji bluu inarudi. Magadi ya kulainishia maharage nayo ni ya jamii hiyo: sodiamu kabonati na sodiamu haidrojeni kabonati zimeshikana pamoja na maji, Na₂CO₃·NaHCO₃·2H₂O, kama yanavyochimbwa Ziwa Magadi kule Kenya.

Asidi nitazipitia haraka. Fomula ikianza na H na kitu kimeyeyuka kwenye maji, tazama mwisho wa ioni. Ya "-ati" inakuwa "-iki": nitrati, HNO₃, asidi nitriki, salfati, H₂SO₄, asidi salfuriki, ile ya maji ya betri. Ya "-iti" inakuwa "-asi": HNO₂ ni asidi nitrasi, H₂SO₃ asidi salfurasi. Ya "-idi" inaongezewa "haidro" mbele: HCl ni asidi haidrokloriki. HCl ikiwa gesi kavu, si asidi bado. Iite haidrojeni kloridi. Swali likikuwekea alama ya (aq), yaani imeyeyuka kwenye maji, au (g), yaani gesi, pembeni, basi mtungaji anataka kuona kama unaijua tofauti hiyo.

Mazoezi nayo yanachagulika. Kukariri orodha nzima kunaweza kukuvusha mtihani mmoja wenye maswali ya kitabuni, siwezi kukudanganya kwamba haiwezekani. Lakini mtungaji akileta MnO₂ au Cr₂O₃ ambayo hujawahi kuiona, umekwisha. Kuelewa chaji kunachukua muda mrefu zaidi mwanzoni na hakuna njia ya mkato. Kwa mtu mwenye muda mchache kama wewe, ningekariri zile ioni tisa na zile metali zisizodai namba, basi, na muda uliobaki wote niufanyie hesabu ya chaji kwenye fomula ngeni. Jipime na hizi bila kufungua kitabu: MnO₂, Cr₂O₃, N₂O₃, Fe₂(SO₄)₃, Mg(OH)₂, SnCl₄. Majibu ni manganisi(IV) oksidi, kromiamu(III) oksidi, dinitrojeni trioksidi, chuma(III) salfati, magnesiamu haidroksidi, bati(IV) kloridi. Kama ulikosa Fe₂(SO₄)₃, rudi kwenye hesabu: salfati tatu za −2 ni −6, chuma mbili zinagawana +6.

Majina nimeyaandika kwa tahajia ya Kiswahili; kwenye karatasi ya mtihani yaandike kama kitabu chako cha kidato yanavyoandikwa, kwa mpangilio uleule.

Kama baada ya wiki mbili hivi bado chaji za elementi hazikujii bila kutazama, usihangaike peke yako. Tafuta mwalimu wa kemia uso kwa uso, hata kwa saa moja, umpelekee karatasi zako zilizosahihishwa badala ya kumwomba akufundishe mada yote upya. Akiona makosa matatu uliyonitajia, atajua mara moja kwamba msingi unaohitaji kukazwa ni mpangilio wa elektroni, kabla hata ya mada ya majina. Kituo ulichojiandikishia nacho kiulize mapema kuhusu upande wa vitendo, kwa sababu huko utakutana na majina haya kwenye lebo za chupa.

Na kwa kuwa unauza dawa na mbolea: kujua fomula hakukuruhusu kutambua unga usio na lebo kwa rangi yake. Mteja akikuletea kopo lisilo na jina, mwelekeze kwa afisa ugani, wala usilimimine kwenye kopo jingine. Usimruhusu mtu achanganye dawa ya madoa, ambayo ni sodiamu haipokloriti, NaClO, na asidi ya aina yoyote. Gesi ya klorini inayotoka hapo inaunguza mapafu. Mtu akimeza au akivuta kitu, aende hospitali mara moja pamoja na kifungashio chenye lebo, ili daktari alisome jina kamili, namba za Kirumi zikiwemo.